Pendo la Kuamriwa

Vijana wengi wakisomapo Catching Fire, kitabu alichokitoa Bibi Suzanne Collins wa Marekani mwaka 2009, huulizana neno moja tu: Katniss atamchukua nani, Peeta au Gale? Sisi twaona ya kuwa swali hilo ni dogo kuliko kitabu chenyewe.

Hiki ni kitabu cha pili. Cha kwanza, The Hunger Games, kilitoka mwaka 2008. Habari zake ni za nchi ya kubuniwa iitwayo Panem. Kila mwaka wilaya zake 12 hutoa vijana 24 wauane uwanjani, ili wenyeji wa mji mkuu wafurahi, na wilaya ziogope. Katniss na Peeta waliokoka pamoja kwa kujionyesha kuwa wapendanao. Sasa Rais Snow amjia Katniss nyumbani, amwagiza awasadikishe watu kwamba alitenda vile kwa mapenzi, wala si kwa uasi. Asipoweza, jamaa zake wamo hatarini.

Hapa ndipo penye uzito wa kitabu. Pendo likiamriwa na mtawala hugeuka kuwa kodi. Peeta amposa Katniss mbele ya watu wote, nao washangilia. Kumbe yeye alitamani posa ya kweli, na msichana aitika kwa hofu. Wako wamwitao Katniss mwenye moyo mgumu. Hawamtendei haki, maana asiye huru atachaguaje?

Basi pendo la kweli tulitafute pale pasipo na amri. Gale apigwa viboko hadharani kwa sababu ya bata mzinga wa mwituni. Katniss ajitupa mbele yake, naye achapwa usoni. Tena, katika mashindano ya 75, washindi wa zamani warudishwa uwanjani. Bikizee Mags, mwenye miaka 80, ajitoa aende badala ya msichana Annie. Ukungu wa sumu uwafikiapo, Finnick hawezi kumbeba yeye na Peeta pia. Mags ambusu Finnick, kisha aingia ukunguni mwenyewe. Hana posa wala mavazi ya arusi, lakini katika kitabu kizima hatukuona pendo kubwa kuliko lake.

Kasoro iko mwishoni. Shauri la kumwokoa Katniss lafichwa mpaka kurasa za mwisho, kisha mambo makubwa yamwagwa upesi mno, na msomaji hapati nafasi ya kuyapima. Hata hivyo yamo mafunzo machungu: rafiki zake nao walimtumia bila kumwuliza, kama Snow alivyofanya.

Kwa hiyo, kijana akisome kitabu hiki, lakini asihesabu wachumba. Na atazame ni nani atendaye wema bila kuagizwa na mtu.