Rangi, Ngao na Sare: Uhakiki wa Jezi ya Timu ya Taifa ya Kenya

Nguo yenye maneno imekwisha kupata kiti chake katika uhakiki wa Kiswahili. Kanga imeandikiwa makala nyingi. Jina lake limefasiriwa kama methali, na pindo lake, mji wake na rangi zake zimehesabiwa kuwa sehemu ya maana. Jezi ya mpira haijapata heshima hiyo, ingawa nayo ina maandishi kifuani na mgongoni, ina rangi zilizochaguliwa kwa makusudi, na huvaliwa na watu wengi kuliko wasomao diwani yoyote ya mashairi. Mijadala juu yake huachiwa mashabiki, nao kwa kawaida huishia kwenye hukumu moja: inapendeza au haipendezi. Makala haya yanaichukua jezi ya Harambee Stars kama matini, na kuisoma mahali ambapo usomaji wake si mwepesi, yaani Mulot.

Mulot ni mji mdogo wa soko katika barabara itokayo Narok kwenda Bomet, kando ya mto Amala ambao huungana na Nyangores na kuwa Mara. Upande mmoja ni kaunti ya Bomet, upande wa pili ni kaunti ya Narok. Wakipsigis na Wamaasai huuziana humo mifugo na nafaka, na baina ya jamii hizo mna historia ndefu ya biashara na ya kuoana, na pia ya magomvi ya ardhi na ng'ombe. Yaonekanayo karibu ni mahindi na malisho. Chai huanza mtu akipanda kuelekea Bomet, na afikapo Kericho huikuta imefunika vilima pande zote. Katika masoko ya namna hii jezi hutundikwa kambani pamoja na mitumba: za Arsenal na Manchester United kwa wingi, na ya Kenya mojawapo katikati yake. Huko kutundikwa pamoja kwenyewe ni jambo la kuzingatiwa, kwa kuwa mnunuzi hailinganishi jezi ya taifa na bendera iliyo juu ya ofisi ya chifu, bali huilinganisha na nguo za Waingereza zilizo pembeni yake.

Lugha ina la kusema hapa. Jezi ni neno la mkopo na halina siri. Sare, kinyume chake, lina tabaka. Maana yake ya msingi ni vitu vilivyo sawa, kama kanga za wanawake waliokubaliana kuvaa namna moja harusini. Kutokana na hiyo likawa nguo ya askari, ya mwanafunzi na ya mchezaji. Katika mpira lina maana ya tatu, kwamba timu mbili zimetoka sare, hakuna aliyemshinda mwenziwe.  Tarehe 22 Agosti 2025 lilifanya kazi zote mbili kwa jioni moja huko Kasarani, ambapo maelfu waliovaa sare waliiona Kenya ikitoka sare na Madagascar, bao moja kwa moja, kabla ya kushindwa kwa penalti 4 kwa 3 katika robo fainali ya michuano ya CHAN. Wazo la usawa limo katika neno lenyewe. Swali la mhakiki ni kama limo katika nguo pia.

Rangi za jezi hutoka kwenye bendera iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za chama cha KANU. Mistari myeupe iliongezwa, na katikati ikawekwa ngao na mikuki miwili. Kila mtoto wa shule hufundishwa tafsiri yake: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na mali yake, nyeupe ni amani. Tafsiri hii ni ya kiserikali, nayo ina udhaifu wa tafsiri zote zinazotangulia usomaji: humfunga msomaji kabla hajatazama. Taashira haiwi hai kwa kuagizwa. Huwa hai pale mtu anapoikuta mahali pake na kuipa uzito ambao mwagizaji hakuukusudia.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba rangi hizi nne si za daraja moja katika Kiswahili. Nyeusi, nyekundu na nyeupe zina mizizi ya vivumishi ambayo hupatana na nomino kwa viambishi, jezi nyekundu, mashati mekundu, ukosi mwekundu. Kijani haina mzizi wa namna hiyo. Imeazimwa kutoka kwenye jani, na hudai msaada wa neno rangi au wa kihusishi ili isimame. Lugha ya Wakipsigis nayo ina maneno mafupi ya kale kwa tatu zile za kwanza, tui kwa nyeusi, lel kwa nyeupe, birir kwa nyekundu, na watu hao, kama Wamaasai jirani zao, wana msamiati mpana wa rangi na madoa ya ng'ombe. Kwa hiyo mtu wa Mulot akitajiwa rangi za taifa, tatu kati yake humjia zikiwa zimekwisha kukaa ngozini mwa mfugo kabla ya kukaa kitambaani.

Kijani haimjii hivyo. Katika jezi ya Kenya, ambayo kwa miaka mingi ya karibuni imekuwa nyekundu zaidi, kijani huwa mstari mwembamba begani, kingo ya mkono, au mkunjo wa ukosi. Wapo wanaoona kwamba hiyo ni haki ya mbunifu na kwamba kijani kikizidi nguo hufanana na ya Gor Mahia. Hoja hiyo ni ya Nairobi. Mtu akiitazama jezi hiyohiyo kutoka nchi ya chai, uwiano wake hugeuka kuwa kichekesho: rangi ambayo ndiyo mandhari nzima ya Kericho, ambayo watu huiamkia na kuichuma kwa mikono, imepewa upana wa kidole. Wala si mandhari tu. Ardhi ambayo kijani inasemekana kuiwakilisha ni ileile ambayo Wakipsigis na Watalai waliondolewa wakati wa ukoloni, na juu yake yakapandwa mashamba makubwa ya chai ya makampuni ya kigeni. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwahamishia Watalai Gwassi, karibu na ziwa. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa walitoa taarifa ya hadharani juu ya dhuluma hiyo. Msomaji wa Kericho akiambiwa kwamba kijani ni ardhi ya wananchi, hana budi kuuliza ni wananchi gani. Mbunifu hakulikusudia swali hilo, lakini limo ndani ya nguo, na ule wembamba wa mstari hulifanya liwe kali zaidi.

Kuna kasoro nyingine, ya macho tu, ambayo wabunifu hawakuifikiria vya kutosha. Mstari wa kijani juu ya nyekundu hupotea kabisa kwa wale ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili. Katika mchezo wa kwanza wa Kombe la Dunia la 2018, Urusi iliyovaa nyekundu ilicheza na Saudi Arabia iliyovaa kijani, na watazamaji wengi wa aina hiyo walilalamika kwamba hawakuweza kuzijua timu. Enzi za televisheni isiyo na rangi taabu hii ilikuwa ya kila mtu. Nyekundu na kijani zote zilikuwa kivuli, na ilimlazimu mtangazaji wa redio, kama marehemu Leonard Mambo Mbotela, awapake wachezaji rangi kwa maneno.

Nyekundu yenyewe, kwa upande wa Narok wa mto, haisomwi kama damu kwanza. Husomwa kama shuka. Na ngao iliyo katikati ya bendera hujulikana kuwa ya Kimaasai. Hapo pangaliweza kuzuka malalamiko kwamba nguo ya taifa imeegemea upande mmoja wa Amala, kama isingekuwa kwamba Wakipsigis pia wana ngao yao, na kwamba mtu wa Bomet huiona ngao ile kuwa ni ngao tu, chombo cha kumkinga aliye nyuma yake. Hatari iko kwingine. Wabunifu wanapoichukua ngao hushawishika kuifanya pambo, kuirudia mara mia kwa wino hafifu kifuani hadi inakuwa kama maua ya pazia. Ngao moja ina maana, na ngao mia moja zilizofifishwa hazina kazi ya kukinga chochote. Ni kosa lilelile la mshairi mchanga anayeamini kwamba jazanda ikirudiwa ndipo inapokolea.

Nyeusi ndiyo iliyodhulumiwa kuliko zote, na sababu yake ni ya ajabu kidogo. Sheria za mchezo hutaka timu zitofautiane kwa rangi, na zitofautiane na waamuzi pia. Kwa miongo mingi mwamuzi alivaa nyeusi. Ni katika Kombe la Dunia la 1994 ndipo waamuzi walipoonekana katika rangi nyingine mbele ya ulimwengu mzima. Hivyo katika miaka yote ya mwanzo ya uhuru, rangi ya kwanza ya bendera, rangi ya wananchi, ilikuwa kiwanjani rangi ya mwenye filimbi. Wananchi walibaki na bukta na soksi. Mwandishi wa tamthilia asingeweza kubuni kinaya bora zaidi ya hicho, na kwa kuwa kimetokea chenyewe hakuna aliyekitambua. Kizuizi hicho leo hakipo, lakini mazoea yake yangalipo.

Wapo wanaodai kwamba rangi za timu hazina siasa. Zaire yatosha kuwajibu. Mwaka 1974 timu hiyo ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi ikiwa na jezi za kijani zenye kichwa cha chui kifuani, na chui alikuwa pia alama ya Mobutu mwenyewe, aliyemvaa kichwani. Mobutu alipoanguka mwaka 1997 bendera ilirudi kuwa ya samawati, jezi ikafuata, na hata jina la Chui likabadilishwa kuwa Simba hadi mwaka 2006. Kwa upande mwingine, Kameruni ilionyesha kwamba ubunifu bila itikadi yoyote unaweza kuwa na gharama: jezi zake zisizo na mikono zilivaliwa Mali mwaka 2002 lakini zikashonewa mikono myeusi kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka huo, na ile ya 2004 iliyounganisha fulana na bukta ikawaletea faini na kupokonywa pointi sita, ambazo baadaye zilirudishwa. Ugomvi ule ulihusu mkato wa nguo. Haukuhusu Kameruni.

Mfano wa manufaa zaidi ni Brazili. Baada ya kushindwa na Uruguay mwaka 1950 ikiwa katika nguo nyeupe, gazeti la Correio da Manhã liliandaa shindano, nalo likashurutisha kwamba rangi zote nne za bendera zitumike. Mshindi, Aldyr Garcia Schlee, alikuwa kijana wa miaka 19 kutoka Jaguarão, mji mdogo ulio kando ya mto mpakani na Uruguay, na moyo wake ulikuwa upande wa Uruguay. Aliitatua shida ya rangi nne kwa kuzigawa: fulana ya manjano yenye kingo za kijani, bukta ya buluu, soksi nyeupe. Kila rangi ilipewa kipande cha nguo cha kwake, au kingo iliyo wazi. Wabunifu wa Kenya, wakiwa na rangi nne vilevile, wamependelea kuzisonga zote katika fulana moja, na ndiyo maana moja hutawala na nyingine huwa nyuzi.

Mpango wa Jaguarão ukihamishiwa Mulot hutoa nguo tofauti kabisa: fulana nyeusi yenye ukosi mweupe, bukta nyekundu, soksi za kijani zinazofika magotini, na ngao moja tu, ya ukubwa wa kuonekana, kifuani. Itapingwa kwamba nyeusi hukusanya joto la jua, na pingamizi hilo lina uzito katika mchezo wa saa tisa alasiri. Itapingwa pia kwamba Kenya nyekundu imekwisha kujulikana, na kwamba ushindi wa 1–0 dhidi ya Morocco tarehe 10 Agosti 2025 umeitia rangi hiyo katika kumbukumbu za vijana. Pingamizi la pili ni dhaifu: kumbukumbu ya ushindi haichagui kitambaa, na Kenya, Uganda na Tanzania, ambazo mwaka 2023 zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, hazina budi kuyatazama upya mavazi yao hata hivyo, kwa kuwa nyekundu na nyeusi zimo katika bendera ya Uganda pia, na Kenya na Uganda zikikutana, mmoja wao lazima abadilishe nguo.