Brutus na Cassius: Umoja Usio na Lengo Moja

Tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili ya Mwalimu Nyerere ilichapishwa mwaka 1963, husomwa na wengi kwa kipimo rahisi: Brutus ni mwema, Cassius ni hasidi. Sisi tunaona kuwa kipimo hicho hakitoshi.

Ni kweli kwamba chimbuko lao ni tofauti. Cassius anasukumwa na kinyongo: aliwahi kumwokoa Caesar asizame katika mto Tiber, na sasa hawezi kumwinamia. Brutus anampenda Caesar, lakini anahofia kuwa taji litaiua Jamhuri. Cassius anamvuta, hata kwa barua za kughushi zinazodaiwa kutoka kwa raia.

Lakini katika mbinu, Cassius ndiye aonaye mbali. Anataka Antony auawe pamoja na Caesar, Brutus anakataa. Anapinga Antony kuhutubia mazishini, Brutus anaruhusu. Anataka adui aachwe achoke kwa safari. Brutus anaamuru jeshi liende Philippi. Mara zote tatu Cassius anasalimu amri, kwa sababu njama yao inategemea jina safi la Brutus.

Usafi huo una gharama. Huko Sardis, Brutus anamkaripia Cassius kwa kumtetea mla rushwa na kuuza vyeo. Papo hapo analalamika kuwa Cassius alimnyima dhahabu ya kuwalipa askari, maana yeye mwenyewe hawezi kuwakamua wakulima. Je, alidhani dhahabu ya Cassius ilitoka wapi? Anaichukia dhuluma, lakini anadai sehemu yake ya matunda ya dhuluma hiyo.

Hata hivyo, kosa lao kubwa ni la pamoja. Wote ni watu wa tabaka la juu la Rumi. Umma unaelezwa baada ya Caesar kuuawa. Brutus anapomaliza hotuba yake, raia mmoja anapaza sauti kwamba yeye ndiye awe Caesar! Hawakuelewa chochote. Antony akaja na maiti na wosia, akawachukua wote.

Washirika hawa walikubaliana nani aondolewe. Hawakujiuliza nini kijengwe, na kwa manufaa ya nani. Kwa hiyo somo si kuchagua kati ya Brutus na Cassius. Uadilifu bila uchambuzi hupotea njia. Werevu bila uadilifu huuza njia yenyewe. Na vyote viwili bila umma huishia Philippi.