Mtenda Aliyefichwa: Lugha ya Mauaji katika Delta ya Tana

Tarehe 22 Agosti 2012 wavamizi waliingia katika kijiji cha Riketa, katika delta ya Mto Tana, wakaua watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba wavamizi wengine waliua watu 38 huko Kilelengwani, na miongoni mwao walikuwamo askari polisi tisa. Tarehe 21 Desemba wavamizi waliua tena, safari hii huko Kipao. Walitumia mapanga, mikuki, mishale na bunduki. Chanzo cha uhasama baina ya Wapokomo, ambao ni wakulima wa kandokando ya mto, na Waorma, ambao ni wafugaji, kimekwisha kuelezwa sana: ardhi, maji na malisho. Jambo ambalo halijachunguzwa vya kutosha ni Kiswahili kilichotumiwa kuyasimulia mauaji hayo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lugha hiyo imetenda dhuluma mbili kwa pamoja. Imemwondolea muuaji wajibu wake, na imemnyima mgonjwa jina la ugonjwa wake.

Neno la kwanza la kuhakikiwa ni mapigano. Kitenzi chake, pigana, kimo katika kauli ya kutendana. Kauli hii hudai pande mbili, kila upande ukiwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Je, mtoto aliyeuawa Riketa alipigana na nani? Mtu akiuita uvamizi wa kijiji mapigano, amekwisha kuigawa lawama nusu kwa nusu kabla ya shahidi hata mmoja kusikilizwa. Tena mapigano husemwa kuwa yalizuka, kama moto wa nyika au kipindupindu, na damu husemwa kuwa ilimwagika, kwa kauli ya kutendeka ambayo haina nafasi ya kumtaja aliyeimwaga.

Bunduki nayo imepewa uhai wake yenyewe. Husemwa kwamba bunduki zililia, kwamba risasi zilirindima usiku kucha, kwamba mtu alipatwa na risasi iliyopotea, kana kwamba risasi ni msafiri aliyekosa njia. Hizi ni tamathali nzuri katika utenzi. Katika taarifa ya mauaji, kazi yake ni nyingine. Bunduki haikufika delta kwa miguu yake. Tangu serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, silaha nyingi zilivushwa mpaka na kuingia Kenya. Kila moja iliuzwa na mtu, ikanunuliwa na mtu, ikafyatuliwa na mtu. Sentensi ambayo kiima chake ni bunduki huwafuta watu wote watatu.

Huenda msomaji akapinga kwamba mwandishi wa habari hana budi kujihadhari, kwani mshtakiwa hana hatia mpaka mahakama iamue. Hoja hii ni ya haki, na kauli ya kutendwa ina mahali pake. Lakini kujihadhari ni jambo moja na kuficha ni jambo jingine. Tazama usemi watu wasiojulikana. Hawajulikani kwa nani? Katika vijiji ambamo watu hukutana sokoni, kivukoni na malishoni, si lazima asiyejulikana kwa polisi awe hajulikani kwa jirani. Mwandishi anayesema kwamba polisi hawajawataja waliofanya uvamizi hajamhukumu mtu, na wakati huohuo amemtaja mwenye jukumu la kuwatafuta.

Wala kosa hili si la Kiswahili peke yake. Tarehe 3 Mei 1886, katika misheni ya Golbanti, wavamizi walimwua John Houghton, mmisionari wa Kimethodisti, pamoja na mkewe Annie na baadhi ya waumini wenyeji. Masimulizi ya kimisionari yaliyahifadhi majina ya wawili hao. Wauaji yaliwaita Wamasai, basi. Kabila zima likawa mtenda. Mtenda akiwa kabila zima, hakuna mtu anayeweza kuitwa kujibu, na kila mtu wa kabila hilo anaweza kulipiziwa kisasi. Usemi wa siku hizi, mapigano ya kikabila, umerithi mantiki hiyohiyo.

Dhuluma ya pili imo katika misamiati ya akili. Katika misemo yetu mtu hupandwa na hasira, hupagawa, hurukwa na akili. Kisarufi mtu ndiye kiima, lakini kimaana ni mtendwa. Hasira ndiyo iliyompanda. Kutoka hapo ni hatua fupi tu kufikia kuyaita mauaji wazimu, neno lenye shina moja na mzimu. Sheria ya Kenya haikubali urahisi huo. Kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu humchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka kinyume chake kithibitishwe, na kifungu cha 12 humwondolea hatia yule tu ambaye ugonjwa wa akili ulimzuia kuelewa alichokitenda au kujua kwamba ni kosa. Watu waliokusanyika, wakagawana silaha na kungoja alfajiri hawakurukwa na akili, waliitumia.

Anayeumizwa na matumizi hayo ni mgonjwa wa kweli, ambaye kwa kawaida hamdhuru mtu. Mjane asiyepata usingizi, kijana anayeruka kila asikiapo mlango ukigongwa, askari aliyewazika wenzake: hao wana kiwewe, na kiwewe hutibika. Lakini ikiwa neno wazimu limekwisha kupewa wauaji, nani atakayekubali kuitwa hivyo ili atibiwe? Njia nayo ni ndefu. Kutoka Garsen hadi wodi ya wagonjwa wa akili ya Port Reitz, Mombasa, ni zaidi ya kilomita 200, na Mathari iko Nairobi. Mwaka 2020 jopo la serikali lilipendekeza hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa, na mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa ili kaunti nazo zibebe jukumu hilo. Hata huduma ikifika Golbanti, itamkuta Mpokomo, ambaye lugha yake ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, na Muorma, ambaye lugha yake ni ya Kikushi. Mwuguzi atawauliza nini, na kwa maneno gani?

Hapa ndipo idara za lugha zinapodaiwa. Kazi ya kukusanya maneno ya Kipokomo na Kiorma yanayotaja hofu, jinamizi na huzuni isiyokwisha, na kuyalinganisha na ya Kiswahili, ni kazi ya wanaisimu kabla haijawa ya waganga. Kadhalika kumfundisha mwanahabari kuuliza nani alitenda, kila anapotaka kuandika yalizuka, ni kazi ya mwalimu wa sarufi. Kiswahili kina kauli ya kutenda. Wafu wa Riketa, Kilelengwani na Kipao wanastahili kusimuliwa kwa kauli hiyo.