Krum angani, Krum mdomoni

Viktor Krum hana mwendo wa kupendeza. Mabega yameinama, nyayo zimeelekea nje kama za bata, uso umenuna. Lakini hebu mpandishe kwenye ufagio! Katika riwaya ya Harry Potter and the Goblet of Fire (2000), J.K. Rowling anatuonyesha kijana huyu wa Bulgaria katika fainali ya Kombe la Dunia la Quidditch, ule mchezo wa wachawi unaochezwa angani na timu za watu saba saba. Kazi ya Krum ni kusaka kijipira cha dhahabu chenye mbawa. Akikidaka, timu yake inapata pointi 150 na mechi inaisha papo hapo.

Sijasoma mchezaji mwingine wa kubuni aliyechorwa vizuri kama huyu. Anapiga mbizi kuelekea ardhini kana kwamba amekiona kijipira. Lynch wa Ireland anamfuata mbio. Krum anajiinua wakati wa mwisho kabisa na mwenzake anajibamiza chini. Ni chenga ya danganya toto, ila hii hupigwa kwa mwili mzima. Baadaye, pua ikivuja damu, anakidaka kijipira chenyewe huku Bulgaria ikiwa nyuma kwa 10 dhidi ya 170. Hesabu ni rahisi: 160 kwa 170. Amedaka na bado wameshindwa. Kuna wanaomwona mjinga kwa hilo. Mimi namwona nahodha wa nafsi yake: anajua wenzake hawatafunga tena, basi anaikata mechi kabla aibu haijazidi. Hajatamka neno, nasi tumemwelewa.

Kisha anafungua mdomo, na hapo ndipo ninapogombana na mwandishi.

Rowling anamwandikia Krum Kiingereza cha tahajia iliyopindwa. Sauti “w” inageuka “v”, na neno “have” linaishia kwa “f”. Hili la pili si uzushi, kwa kuwa Kibulgaria hugeuza konsonanti ghuna kuwa sighuna mwishoni mwa neno. Lakini Kibulgaria pia hakina sauti ile inayoanza neno “this”, ambayo sisi huiandika “dh”. Ajabu ni kwamba hiyo Krum anaitamka barabara! Anayepewa “z” mahali pake ni Fleur, msichana Mfaransa katika mashindano yayo hayo ya shule. Basi tunayemsikia si Mbulgaria anayezungumza Kiingereza. Ni mgeni wa jukwaani, aliyegawiwa makosa ambayo msomaji wa Uingereza ameshayazoea.

Tazama pia suala la jina Hermione. Wasomaji wengi, wakiwemo wenye Kiingereza chao, walikuwa wakilitamka ovyo. Riwaya inawafundisha kwa kumfanya Hermione amsahihishe Krum kwenye dansi, silabi kwa silabi, naye Krum analivuruga vivyo hivyo. Kosa la wenyeji limebebeshwa ulimi wa mgeni. Wanafunzi wanajifunza, na anayechekwa ni yeye.

Nalileta hili katika safu ya Kiswahili kwa sababu tabia hiyo tunayo, tena tele. Katika vichekesho vyetu vya redio na runinga, Mjaluo lazima aseme “samba” badala ya “shamba”, na Mkikuyu lazima apishanishe “l” na “r” hata pale ambapo Mkikuyu halisi hangekosea. Mwanariadha wetu naye amemaliza mbio, jasho bado linamchuruzika, maikrofoni imesukumwa usoni. Anajibu kwa lugha yake ya tatu. Kesho yake kipande kinazunguka kwenye WhatsApp, eti sikiliza huyu! Ile dakika 1 na sekunde 40.91 ya David Rudisha, London 2012, haina lafudhi. Tunaishangilia. Ila mkimbiaji akishaanza kusema tunaona tuna ruhusa ya kumcheka.

Sisemi mwandishi asionyeshe ugeni wa mhusika. Lafudhi ipo, na mtafsiri wa Krum kwa Kiswahili angelazimika kuamua. Kumpa lafudhi ya kabila fulani la hapa kwetu kungekuwa upuuzi. Kuhamisha “v” nako hakufai, maana masikioni petu haileti Bulgaria yoyote. Mimi ningeiacha tahajia sanifu, kisha nimpe Krum sentensi fupi, kitenzi kinachochelewa, upatanisho unaoteleza mara moja moja, na neno analolisaka kidogo kabla ya kulipata. Rowling mwenyewe aligusa njia hiyo pale anapomfanya Krum atumie wakati wa kuendelea na kitenzi cha kufikiri, mahali ambapo Mwingereza hangeutumia. Jambo dogo sana, halijaharibu hata herufi moja, na ugeni wake unasikika.