Kitufe cha "Nunua" na Kitabu Kisicho Chako

Kuna maandishi tunayasoma kila siku na hakuna anayeyahakiki. Riwaya tunazichambua, mashairi tunayabishania mpaka usiku wa manane, lakini neno moja lililokaa juu ya kitufe kwenye duka la vitabu vya kielektroniki tunalibonyeza tu, basi, tunaendelea na maisha. Neno lenyewe ni "nunua". Leo nataka tulisome kama tunavyosoma mstari wa shairi. Linasema nini, na linaficha nini?

Tuanze na duka la Kindle, mali ya Amazon, kwa sababu ndilo linalojulikana zaidi. Ukifungua masharti ya matumizi, yale marefu ambayo sote tunayakubali bila kuyasoma, utakuta yanasema wazi kwamba kitabu unapewa kwa leseni, hakiuzwi. Yaani kwenye kitufe umenunua, kwenye masharti hukununua. Maandishi mawili ya mwandishi mmoja yanapingana, na yanayoshinda ni yale ambayo hukuyaona. Kwenye riwaya tungesema msimulizi huyu haaminiki na tungemfuatilia kwa jicho kali. Kwenye simu tunampa namba ya kadi.

Wala Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Chumba unapanga. Viti vya shughuli unakodi. Sufuria ya jirani unaazima, unga kwa Mangi unakopa, redio ikibidi unaiweka rehani, na hela ya mtu aliyesafiri unaitunza kama amana. Kuna na wakfu, neno ambalo watu wa pwani wanalijua vizuri: kitabu kinatolewa, hakiuzwi tena wala hakirithiwi, kinakaa kwa ajili ya wasomaji wajao. Baadhi ya miswada ya zamani ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ina maandishi ya namna hiyo ndani yake. Mtoaji aliandika kwa mkono kitabu kinatoka kwake kwa masharti gani, na aliyekifungua aliyakuta palepale. Kila neno kati ya haya lina mipaka yake, na mtoto wa darasa la nne anaweza kukueleza tofauti ya kuazima na kununua bila kufungua kamusi. Kinachofanyika Kindle kina jina basi. Ni kukodi, tena kukodi ambako mwenye mali hajakutajia siku ya kurudisha.

Siku hiyo iliwafikia baadhi ya wasomaji Julai 2009. Amazon iligundua kwamba nakala fulani za vitabu viwili vya George Orwell ziliwekwa dukani na kampuni isiyokuwa na haki ya kuviuza Marekani. Vitabu vyenyewe vilikuwa 1984 na Animal Farm, hiki cha pili ndicho ambacho Fortunatus Kawegere alitupatia kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama mwaka 1967. Amazon haikuishia kuviondoa dukani. Ilivifuta kwenye vifaa vya watu waliokwisha lipia, ikawarudishia hela zao. Fikiria umepanga chumba, unarudi jioni unakuta mwenye nyumba ameingia, amechukua kitanda, na noti ameziacha pale kilipokuwa. Hela umepata, kweli. Lakini nani alimpa ufunguo?

Kila anayesimulia kisa hiki hucheka kwamba kilichofutwa ni 1984, riwaya ya dola inayochoma maandishi ya jana yasipolingana na ya leo. Kichekesho hicho kimeshachakaa, na mimi naona kinatupotezea jambo kubwa zaidi. Kulikuwa na mwanafunzi wa sekondari huko Michigan aliyekuwa ameandika maelezo yake kwenye nakala hiyo kwa ajili ya kazi ya shule. Kitabu kilipoondoka, maelezo yake yakabaki yananing'inia, hayaelekezi ukurasa wowote. Alishtaki, na Amazon ikakubali kulipa dola 150,000 kumaliza kesi. Jeff Bezos aliomba radhi hadharani, na aliomba radhi kwa maneno mazito kabisa. Sawa. Ila uwezo wa kuingia na kufuta ulibaki pale pale ulipokuwa.

Linganisha na marufuku tulizozizoea. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa kusema wazi mambo ya wasichana, wazazi na walimu ambayo watu wazima walitaka yasemwe kwa kunong'ona. Lakini marufuku ya karatasi ina ukomo wake. Ilifika kwenye maktaba ya shule na dawati la mwalimu, haikuweza kuingia chini ya godoro la kila mwanafunzi. Nakala zilizokwisha nunuliwa zilibaki kwa wenyewe, zikaazimwa, zikavalishwa magamba ya madaftari, zikasomwa. Leo riwaya ile ni sehemu ya msingi wa fasihi yetu, na sidhani ingefika hapa kama kila nakala ingekuwa na kamba inayorudi ofisini kwa mtu.

Nakala yangu mwenyewe nilimnunulia muuza vitabu aliyetandaza chini pale Posta, Dar es Salaam. Ina jina la msichana fulani, na mwaka 1988. Pembeni mwa ukurasa ambapo baba yake Rosa anapiga, dada huyo ameandika kwa penseli "kama baba", halafu amejaribu kuifuta. Haikufutika vizuri. Nimesoma tahakiki nyingi za riwaya hiyo, nyingine za maprofesa, na hakuna iliyonishtua kama maneno mawili yale. Msomaji wa mwaka 1988 alizungumza na mimi kupitia pambizo la kitabu kwa sababu kitabu kilikuwa chake, kikatoka kwake kikaenda kwa mwingine, mpaka kikafika kwangu kwa bei ya chai na chapati mbili.

Sasa nikwambie maandishi ya pambizoni yana bei gani kwenye biashara ya programu. Ni dola 25. Microsoft ilifunga duka lake la vitabu mwaka 2019, na kuanzia Julai mwaka huo vitabu vyote vilivyolipiwa humo vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa hela, na wale walioandika au kupigia mistari ndani ya vitabu vyao wakaongezewa dola 25 za pole. Microsoft haikufilisika, wala haikukosa umeme. Ilichoka tu na biashara ile. Katika ulimwengu wa programu hilo ni jambo la kawaida: kitu kinazinduliwa kwa shangwe, kinakosa wateja wa kutosha, kinazimwa, na watu wanaambiwa asanteni kwa kuwa pamoja nasi. Kwa programu ya kuhariri picha utanuna, kisha utatafuta nyingine. Kitabu je?

Na kuna jambo linalotugusa zaidi sisi tunaojiita wahakiki. Mwaka 2023 Puffin walitoa matoleo mapya ya vitabu vya watoto vya Roald Dahl yaliyobadilishwa maneno mengi, "mnene" likiwa mojawapo ya yaliyoondolewa. Gazeti la The Times la London likaripoti kwamba watu waliokuwa wamelipia matoleo ya kielektroniki ya zamani waliona maandishi yanabadilika humohumo kwenye vifaa vyao. Kama mabadiliko yalikuwa mema au mabaya, tutabishana siku nyingine. Puffin wenyewe, baada ya makelele, walisema watauza na matoleo ya awali pia. Mimi nauliza swali dogo la kikazi: nikikwambia nenda ukurasa fulani usome sentensi fulani, na sentensi hiyo ikageuzwa usiku tukiwa tumelala, tunahakiki nini? Utendi wa Mwana Kupona umetufikia kwa nakala kadhaa za mikono tofauti, na zinatofautiana. Wataalamu wameweza kuziweka pamoja na kuzilinganisha kwa sababu kila nyumba ilikuwa na nakala yake, na hakuna mtu aliyeweza kuzisahihisha zote kwa mpigo.

Tumefikaje hapa? Kwa kifupi, vitabu vimerithi tabia ya programu za kompyuta. Hapo zamani wachapishaji walijaribu ujanja huuhuu wakashindwa. Kampuni ya Bobbs-Merrill ya Marekani ilichapa onyo ndani ya riwaya The Castaway kwamba muuzaji atakayeiuza chini ya dola moja atakuwa amevunja haki miliki. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1908 ikaamuliwa kwamba ukishauza nakala, huna tena usemi juu ya bei itakayouzwa baadaye. Hapo ndipo biashara ya vitabu vya mitumba Marekani ilipopata kinga yake. Halafu zikaja programu. Waziuzao wakasema hawauzi nakala, wanatoa leseni, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikawaunga mkono kwenye kesi ya mtu aliyekuwa akiuza kwenye eBay nakala zilizotumika za AutoCAD. Zilikuwa diski halisi, unazishika, na bado akaambiwa aliyemuuzia hakuwa mwenyewe. Ulaya wana kichekesho chao: mahakama ya Umoja wa Ulaya iliruhusu mwaka 2012 leseni ya programu iliyotumika kuuzwa tena, kisha mwaka 2019 ikakataa kitabu cha kielektroniki kuuzwa hivyo. Kitabu kimekuwa na haki ndogo kuliko programu iliyokifundisha tabia mbaya.

Nisieleweke vibaya. Vitabu vya kielektroniki navipenda na navitumia. Mtu mwenye macho yaliyochoka anakuza herufi anasoma. Mwandishi anayechapwa London anafika Songea siku ileile bila kusubiri kontena. Tatizo langu ni lile neno kwenye kitufe, na kufuli lililofungwa kwenye faili ili kulinda uongo wa neno hilo.

Wachapishaji wetu wananiambia kufuli ni lazima. Mmoja alinijibu, "Mwanangu, nikimuuzia mmoja bila kufuli nimewauzia mia bure." Ninamwelewa, kwa sababu wote tunayajua magrupu ya WhatsApp ambako riwaya nzima inatupwa asubuhi kama salamu. Lakini hebu zitazame PDF zenyewe. Nyingi ni picha za karatasi zilizopigwa kwa simu. Ukurasa umepinda, kivuli cha mkono kipo, na kila baada ya kurasa chache unaona dole gumba la mtu limebana kona. Dole gumba lile ndilo jibu langu kwa mchapishaji. Kitabu hakikuibwa kwenye kufuli bovu, kiliibwa kwenye karatasi, na kufuli lolote atakalonunua kwa kampuni ya nje halitamgusa mwenye dole lile. Litamgusa aliyelipa, siku atakapobadilisha simu.

Wizi ni wizi, na mwandishi anayelala na deni la stationary hawezi kula maelezo yangu. Lakini tukubali kwamba PDF ya wizi inampa msomaji vitu ambavyo duka linamnyima: anaitunza, anampa dada yake, anaifungua miaka kumi baadaye bila kuomba ruhusa. Ukimpa mwizi ubora ambao mteja halali hana, unamtangazia biashara mwizi. Tor, wachapishaji wakubwa wa riwaya za kubuni sayansi huko Marekani, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao vya kielektroniki mwaka 2012, na mpaka leo wanachapa na wanauza. Mchapishaji wa Dar au Nairobi anayeanza sasa anaweza kuanzia hapo: faili wazi, jina la mnunuzi kwenye ukurasa wa kwanza kama tulivyoandika majina yetu kwenye vitabu vya shule, na bei ya mtu wa kawaida.

Wale wakubwa wanaanza kusukumwa na sheria. California ilipitisha mwaka 2024 sheria, ikaanza kazi Januari 2025, inayokataza duka la kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumwambia mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria nzima kwa ajili ya kitenzi kimoja! Wahakiki tulipaswa kuwa wa kwanza kulilalamikia, tukawaachia wabunge. Na mwezi uliofuata, tarehe 26 Februari 2025, Amazon wakaondoa njia iliyokuwa ikiwaruhusu wateja wa Kindle kupakua nakala ya kitabu kwenye kompyuta na kuihamishia kwenye kifaa kwa waya. Neno linasahihishwa mlango wa mbele, mlango wa uani unafungwa.

Kwa wanaotengeneza maduka ya vitabu vya Kiswahili, na najua wapo wanaofikiria jambo hili sasa hivi, ombi langu ni la lugha tu. Kama faili litakuwa langu, andikeni "Nunua" na mnipe faili. Kama mtabaki na ufunguo, andikeni "Kodi", mwandike na muda, na bei iwe ya kukodi. Tutakodi wengi tu, mbona vyumba tunapanga kila siku.