Nasaba ya Kubuni: Mtawala Anavyojisifu katika Tawasifu ya Tippu Tip

Tawasifu ya Kiswahili inapotajwa katika vyumba vya mihadhara, jina linalotangulia ni la Shaaban Robert, na ni haki yake. Hata hivyo, takriban nusu karne kabla ya Maisha Yangu kuchapishwa, mzee mmoja wa Unguja alikuwa amekwisha kuandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu. Mzee huyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip: mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mtawala wa sehemu kubwa ya Manyema na, kuanzia 1887, gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Heinrich Brode, aliyemhimiza aandike, aliihamishia matini hiyo katika hati ya Kirumi na kuichapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley akaitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Tangu hapo matini hiyo imetumiwa zaidi kuliko ilivyosomwa. Wanahistoria huchota humo njia za misafara na majina ya machifu; wanaisimu huipenda kwa kuwa ni nathari ndefu ya Kiunguja iliyoandikwa kabla ya usanifishaji. Wachache walioigusa kwa jicho la fasihi huisifu kwa unyoofu wake: sentensi fupi, hakuna madoido, mtu anasema alikotoka, alikofika na alichopata. Sifa hiyo ndiyo inayohitaji kuchunguzwa. Matini hii ni majigambo ya mtawala, na mtindo wake mkavu ni sehemu ya majigambo yenyewe. Jambo hili halionekani popote kwa uwazi zaidi kuliko katika kisa cha Utetera, ambako Hamed alijibunia nasaba na kwa nasaba hiyo akapata nchi.

Kivugo na wasikilizaji wake

Mulokozi, katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi uliotoka katika Mulika mwaka 1989, anatenga kivugo na tondozi. Katika kivugo, au majigambo, mtu hujisifu kwa kinywa chake mwenyewe. Katika tondozi husifiwa mwingine. Utanzu huu una mizizi mirefu katika eneo la Maziwa Makuu: Wahima wa Nkore wana ebyevugo, Wanyarwanda wana ibyivugo, na Wahaya nao wana majigambo yao. Fanani hutaja vita alivyopigana, mahali vilipopiganwa, wenzake waliokuwa ubavuni mwake na majina aliyojipatia huko.

Wahakiki husisitiza chuku katika vivugo, lakini jambo la msingi zaidi ni hadhira. Kivugo hughanwa mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwapo vitani. Fanani anaweza kuutilia chumvi ukali wa mkuki wake akashangiliwa, maana kila mmoja anajua kuwa hiyo ni haki ya utanzu. Kudai alikuwa mstari wa mbele siku aliyokimbia ni kujitafutia aibu mbele ya wenziwe. Ukweli wa kivugo, kwa hiyo, unalindwa na uwezo wa msikilizaji wa kujibu kuliko dhamiri ya msemaji. Mwondoe msikilizaji huyo, nawe umebakiwa na sauti moja inayojipima yenyewe.

Hamed hakughani. Aliandika uzeeni, Unguja, mwanzoni mwa karne ya 20, mbali na bara lililomtajirisha, kwa ajili ya msomaji Mjerumani na wasomaji wa Ulaya ambao hawakuwahi kuonana na Nsama wala Kasongo Rushie. Hata hivyo ala za kivugo zimo zote: orodha ya mahali, orodha ya wenzi, hesabu ya ngawira, na hasa majina. Anasimulia jinsi lakabu zilivyomfuata njiani. Ile iliyomshinda yote anaifungamanisha na mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliokimbia. Livingstone, aliyekutana naye mwaka 1867, aliandika maana nyingine, kwamba alijiita hivyo akiwa amesimama juu ya mali iliyotekwa, kwa maana ya mkusanya mali. Wengine walisema jina limetokana na kupepesa macho tu. Katika maana hizi tatu, mwenye jina alichagua bunduki. Haitoshi kusema kwamba alichagua ile ya kutisha. Alichagua pia ile ambayo jina linatolewa na walioshindwa, ili sifa ionekane kutoka nje: kivugo kilichovaa nguo za tondozi.

Mjukuu wa Utetera

Kisa cha Utetera kinaanza kwa kusikiliza. Akiwa katika nchi ya ndani, miaka ya mwanzo ya 1870, Hamed anasimuliwa habari za zamani: watu wa Urua waliwahi kuvamia wakateka wanawake wa ukoo wa chifu wa Utetera, nao hawakurudi tena. Chifu aliyepo, Kasongo Rushie, ni mzee, na kumbukumbu ya waliopotea ingali hai nyumbani kwake. Baada ya kuyasikia hayo, Hamed anajitokeza na nasaba mpya. Babu yake upande wa mama, anasema, alifika Urua zamani akamnunua mwanamke. Mwanamke huyo ni nyanya yake. Na nyanya yake ni yule aliyetekwa. Yeye basi ni damu ya Utetera iliyorudi nyumbani. Kasongo Rushie anampokea kwa furaha na kumkabidhi uchifu, pamoja na haki ya pembe zote za nchi.

Msimulizi hahitaji kutamka kwamba amebuni. Mpangilio unatosha: kwanza anasimuliwa, kisha anadai. Mama yake Hamed alitoka katika ukoo wa Kiarabu, na kila msomaji wa Unguja aliyeufahamu ukoo huo angejua kwamba nyanya wa Utetera hakuwapo. Ni nadra sana kwa mtawala kuuacha mshono wa nasaba yake ukionekana hivi. Watawala wengi hubuni nasaba kisha wakaua kila anayekumbuka zilivyoshonwa.

Hapo ndipo sifa ya unyoofu inapowavutia wasomaji. Lakini kwa nini mtu aeleze uongo uliompa nchi? Jibu lililo karibu ni kwamba mbele ya msomaji mpya uongo ule si aibu tena. Ni hodari wa akili. Sungura wa ngano hafichi hila yake, maana hila ndiyo hadithi. Kwa Kasongo Rushie, Hamed alijisifu kwa damu. Kwa Brode, anajisifu kwa werevu uliotengeneza damu hiyo. Hadithi moja imeuzwa mara mbili, kwa wanunuzi wawili, kwa bei mbili. Kinachoitwa unyoofu ni kivugo cha pili kilichojengwa juu ya mgongo wa kile cha kwanza.

Gharama ya kivugo hiki cha pili inabebwa na Watetera. Ili werevu wa Hamed ung'ae, sharti Kasongo Rushie awe mzee mwepesi wa kuamini, anayelilia ndugu aliyepotea hata akaikabidhi nchi kwa mgeni wa kwanza aliyejua jina la marehemu. Matini yenyewe, ikisomwa kinyume cha matakwa ya mwandishi wake, inaruhusu picha nyingine. Kasongo Rushie ana majirani anaohasimiana nao. Mbele yake amesimama mtu mwenye bunduki nyingi na watu wengi, ambaye badala ya kupigana anaomba kuitwa mjukuu. Katika jamii ambazo undugu ni lugha ya mikataba, kumpokea mtu wa namna hiyo kama damu ni kumfunga kwa wajibu wa damu: alinde nyumba, apigane na adui wa nyumba. Inawezekana kabisa kwamba mzee hakudanganyika hata kidogo. Huenda alilijua dai lile kuwa ni la kubuni, akaliona linafaa, akalikubali. Katika usomaji huu kuna wanasiasa wawili pale barazani, na tawasifu imemwacha mmoja tu awe na akili.

Usomaji wa pili una nguvu zaidi, na sababu imo ndani ya kisa. Mara baada ya kupokewa, mjukuu mpya anajikuta akipigana vita vya babu yake. Msimulizi anaviorodhesha vita hivyo miongoni mwa ushindi wake, bila kujiuliza ni nani aliyekuwa akimtumia nani.

Hesabu kama pambo

Wasomaji wanaotafuta pambo hutafuta vivumishi, na kwa Hamed hawavioni. Pambo lake ni tarakimu. Baada ya kumshinda Nsama wa Itabwa anatoa hesabu ya pembe, frasila karibu 2,000, kwa sauti ile ile ambayo karani angesomea daftari la ghala. Hesabu humfanya msomaji aamini kwamba aliyehesabu pembe kwa uangalifu huo amehesabu pia kila kitu kingine. Sivyo. Watu waliozibeba pembe hizo kutoka Itabwa, na wale waliouzwa pamoja nazo, hawapati usahihi wa namna hiyo. Wanapita katika sentensi kama sehemu ya mzigo. Haya yaliandikwa baada ya hali ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na mtu ambaye kufikia 1895 alikadiriwa kuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Ukimya huu hautokani na usahaulifu wa uzee.

Hata hesabu zenyewe haziafikiani na za wengine. Malipo ambayo Stanley aliahidi mwaka 1876 ili asindikizwe kuelekea kaskazini, Stanley ameyaandika kuwa dola 5,000; Hamed anasema 7,000. Si lazima kuamua nani mkweli, kwa kuwa Stanley naye alikuwa bingwa wa kujisifu. Linalofaa kuzingatiwa ni kwamba kila mmoja anatumia tarakimu kamili kuubana mlango usifunguliwe na mwenzake.

Fildimasho bila kicheko

Tawasifu nyingine ya kisiasa inayoihusu Zanzibar inasaidia kuonyesha upekee wa kisa cha Utetera. John Okello, mzaliwa wa Lango nchini Uganda aliyefika Pemba mwaka 1959 kutafuta kazi, aliwatangazia Wazanzibari kwa redio Januari 1964 kwamba yeye ni Fildimasho, akijihusisha na vita vya Mau Mau. Kivugo chake cha kwanza kilikuwa cha Kiswahili, tena cha sauti, mbele ya hadhira iliyokuwa ndani ya tukio lenyewe. Lakini hadhira hiyo haikuwa na namna ya kujibu, kwani redio husema tu na mitaani kulikuwa na bunduki. Kitabu chake kilitoka Nairobi mwaka 1967, kwa Kiingereza, baada ya yeye kufukuzwa visiwani. Humo mna ndoto za kiungu, na mna idadi za waliouawa zinazotajwa hadi tarakimu ya mwisho, kana kwamba palikuwa na karani katika kila uchochoro.

Okello, tofauti na Hamed, haachi mshono wowote uonekane. Anakiamini cheo chake, au anaandika kama anayekiamini, na hakuna mahali anapomkonyezea msomaji jicho. Kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi kwa simulizi rasmi ya Mapinduzi, yenye Karume na Kamati ya Watu Kumi na Wanne, kumwondoa kabisa. Kivugo kimoja kilifutwa na kingine, na waliokuwapo hawakuulizwa. Miaka mingi ilipita kabla Harith Ghassany hajakusanya ushuhuda wa waliokuwapo katika Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! (2010), kitabu cha Kiswahili ambacho, licha ya msimamo wake mwenyewe ulio wazi, angalau kinaruhusu sauti kukanushana.

Siku hizi nasaba imegeuzwa juu chini. Mwombaji kura wa leo hataki kuwa mjukuu wa chifu. Anataka kuwa mtoto wa fukara. Katika kampeni ya Kenya ya 2022 William Ruto alijitambulisha kama muuza kuku wa kando ya barabara aliyepanda hadi ikulu. Hoja hapa haihusu kama aliuza kuku au la. Ni kwamba dai hilo linafanya kazi ile ile iliyofanywa na nyanya wa Utetera: linamwambia anayesikiliza kuwa msemaji ni damu yake. Msikilizaji anaweza kulikubali kwa hesabu zake mwenyewe, kama alivyofanya Kasongo Rushie, bila kuwa amedanganyika. Uhakiki unaowahurumia wapiga kura kwa kudhani wameaminishwa ngano unairudia dharau ya Hamed.

Kuna pengo ambalo toleo lolote jipya la tawasifu hii litapaswa kulishughulikia. Kasongo Rushie husema humo kwa kinywa cha mgeni wake tu, na kwa Kiswahili cha Unguja. Ilhali misafara ile ile iliipeleka lugha hii Kasongo na Manyema, ikaota mizizi, na mpaka leo inasemwa huko kwa lafudhi na sarufi ya wenyeji wenyewe. Masimulizi ya Watetera na majirani zao kuhusu mtu aliyejiita mjukuu hayajawahi kuwekwa ukurasa wa pili, mkabala na yake.