Siku Nane Ndani ya Bomba

Asubuhi huku Mhezi, milimani Upare, moshi wa mafiga hupenya chini ya mabati, ukatambaa juu ya migomba, ukajichanganya na ukungu. Ukishavuka mgongo wa mlima, hatuna habari nao tena. Kumbe safari ndiyo inaanza: juani chembe zake hubadilika kikemia, nyingine hunenepa, na baadhi huja kuwa mbegu za matone ya mawingu. Nani atauandama angani siku nane?

Wapo wanaouzeesha maabarani, na kazi yao naistahi mno. Chombo chao ni riakta ya mtiririko. Aina moja maarufu, iliyotokana na kazi ya William Brune na wenzake wa Penn State, Marekani, iliyochapishwa mwaka 2007, ni pipa la alumini la lita 13 hivi. Ndani mna taa za zebaki. Mwanga wa nanomita 185 hugeuza oksijeni kuwa ozoni. Wa nanomita 254 huivunja ozoni hiyo, na penye mvuke wa maji huzaliwa hidroksili, ile ile inayokula uchafu wa anga mchana. Ndani ya pipa hidroksili huwa nyingi maelfu ya mara kuliko nje. Kwa dakika mbili moshi hupata kipigo cha siku nane.

Ila kuwasha taa si ufundi. Ufundi uko kwenye mtiririko, na hapa Mpare aliyewahi kufungulia ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ataelewa upesi. Maji yakiingia mferejini, ya katikati hukimbia, ya kingoni husuasua, mengine hunywewa na udongo kabla ya kufika shambani. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Ikitiririka kwa utulivu bombani, ya katikati kabisa huenda mara mbili ya mwendo wa wastani, inayogusa ukuta hukawia, na chembe nyingine hunasa zisitoke. Moshi unaotokea upande wa pili ni wa rika mchanganyiko, wazee kwa vijana.

Kwa hiyo fundi hupima kwanza njia. Huingiza gesi kidogo, tuseme kaboni monoksaidi, taa zikiwa zimezimwa, aone inavyochelewa kutoka. Kisha huwasha taa apime imeliwa kiasi gani, maana kasi ya hidroksili kuila inajulikana. Hiyo ndiyo saa yake. Hupitisha chembe za ukubwa mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, akihesabu zilizopotea kila mara. Yote haya moshi wenyewe bado haujaingia! Hata akishaandika "siku nane", mwangalifu huongeza kwamba anga halisi lina usiku na mvua, na kwamba mwanga wa 254 haufiki ardhini kwetu.

Jioni taa huachwa zikiwaka na hewa safi ikipita, saa baada ya saa, mpaka kihesabu chembe kikaribie sifuri. Ndipo kuni nyingine ziwashwe.